Chevelle ya 1970 iliyolala bandani: uanzie wapi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Ninaishi Columbus, Ohio. Kuna mzee mtaani kwetu ana Chevrolet Chevelle ya 1970, milango miwili, imelala bandani miaka mingi bila kuwashwa. Anasema ni SS 396, ile Super Sport yenye injini kubwa ya inchi za ujazo 396, na anataka bei ya SS. Ninataka niirudishe ilivyokuwa, kisha niipeleke kwenye mbio za robo maili. Nianze kwa kufungua injini, au kuna la kutangulia? Na je, gari moja linaweza kufanya yote mawili?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Ndiyo, gari moja linaweza kufanya yote mawili, kwa sharti kwamba uchague mbio zisizokulazimisha kukata chuma cha gari wala kulitia nguvu ambazo halikujengwa kuzibeba. Mbio za namna hiyo zipo, na kwa mgeni ndizo tamu kuliko zote. Nitazieleza huko chini. Ama injini, iache kwanza. Injini ni ya mwisho, hata kama moyo unakutuma kwake.

Kabla ya kushika spana kuna suala la pesa, na hapo ndipo ninapokuonea wasiwasi.

Magari haya ya misuli tangu mwanzo yalizaliwa kwenye fomu ya oda. Mwaka 1964 Pontiac walichukua gari lao la ukubwa wa kati, Tempest, wakalitia injini ya inchi za ujazo 389 iliyokuwa ya magari yao makubwa. Sera ya General Motors, kampuni mama ya Pontiac na Chevrolet, haikuruhusu injini ya zaidi ya inchi 330 kwenye gari la ukubwa ule, kwa hiyo kundi la John DeLorean, mhandisi mkuu wa Pontiac, likaliita gari hilo GTO na kuliandikisha kama nyongeza ya kuagizia tu, si modeli mpya. Ikauzika kuliko walivyotarajia, na kampuni nyingine zikafuata njia ileile: bodi ya gari la kawaida la familia, injini ya gari kubwa, na alama kadhaa kwenye fomu ya muuzaji.

Chevelle ya mzee huyo imetoka kwenye desturi hiyo. Mwaka 1970 SS haikuwa modeli, ilikuwa nyongeza. Namba ya chasisi unaisoma juu ya dashibodi upande wa dereva, kupitia kioo cha mbele. Ikianza na 13637 inakuambia kwamba ni Chevrolet, aina ya Malibu, yenye V8, milango miwili na paa lisilo na nguzo ya kati. Haisemi SS, wala haisemi injini gani. Malibu iliyotoka na injini ndogo ya 307 na SS iliyotoka na 454 zinaanza na tarakimu zilezile. Lingekuwa gari la 1966 hadi 1968 tungetafuta 138 mwanzoni na ubishi ungeisha palepale. Kwa hiyo yeyote mwenye beji, boneti yenye mwinuko na mistari miwili mipana ya rangi anaweza kujitengenezea SS nyumbani kwake, na wengi wamefanya hivyo. Simtuhumu mzee wako. Huenda na yeye aliuziwa hivyohivyo akaamini.

Ushahidi wenye uzito ni karatasi ya kiwandani, ile iliyokuwa ikisafiri na gari kwenye mstari wa uundaji ili kila fundi ajue afunge nini. Kwenye Chevelle mara nyingi iliachwa juu ya tangi la mafuta, na wakati mwingine ndani ya springi za viti. Mwombe mzee ruhusa mshushe tangi. Ondoeni mafuta yote kwanza, muweke jeki chini ya tangi likiwa na kipande cha ubao katikati, mlegeze mikanda miwili taratibu, mlishushe sawasawa pande zote. Karatasi ikiwepo, ipige picha ikiwa palepale kabla hujaigusa. Inakuwa imekauka, imegandamana na uchafu, pengine panya wameitafuna pembeni, na ukiivuta kwa haraka itabaki vipande. Unachotafuta ni msimbo Z25, ambao ni SS 396. Z15 ni SS 454, na ukiuona huo kaa chini kwanza upumue.

Karatasi ikikosekana, soma chuma chenyewe. Kila SS ya mwaka ule ilitoka na difu ambalo mfuniko wake umefungwa kwa bolti 12, breki za diski mbele, na fimbo ya kuzuia gari kuyumba upande wa nyuma. Lala chini uangalie pia bomba la mafuta linalopita kwenye chasisi: la injini kubwa lilikuwa la upana wa inchi 3/8, pana kuliko la injini ndogo. Vitu vingine vyote waghushi hubadilisha, bomba hilo husahau. Halafu kuna kibao bapa kwenye bloku, mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria, palipogongwa sehemu ya namba ya chasisi. Zikilingana na za dashibodi, injini ni ya gari hilohilo, ingawa hata hapo tazama vizuri: kibao kilichosuguliwa kikang'aa na namba zilizogongwa kwa mstari uliopinda ni dalili mbaya. Na usishtuke fundi akipima injini akakuambia ni inchi 402. Mwaka ule ndivyo ilivyokuwa, jina la 396 lilibaki kwa sababu ya biashara.

Bila karatasi na bila dalili hizo, mpe mzee bei ya Malibu, kwa adabu, na usione umepata kitu hafifu. Kwa shabaha yako wewe, Malibu ni bora. Nayo unaweza kukimbia bila kuogopa kwamba kila mkwaruzo unafuta historia. Hakikisha tu hati ya umiliki ina namba ileile ya dashibodi, tarakimu kwa tarakimu.

Sasa kutu. Ohio wanamwaga chumvi barabarani kila msimu wa baridi, na chumvi haisahau. Nenda na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa laini ili isikwaruze rangi. Ipitishe pembeni nyuma ya magurudumu ya nyuma, chini ya madgadi za mbele karibu na mlango, na kwenye matao ya magurudumu. Inaponasa ni chuma; inapoteleza ni pati ya kuzibia, na chini ya pati hujui kuna nini. Inua zulia ugonge sakafu kwa mpini wa bisibisi, usikilize. Fungua buti, ondoa mkeka, angalia sakafu yake hasa pembeni. Mahali ninapopachukia kuliko pote ni chini ya kioo cha nyuma, na kama paa lilivalishwa vinaili ndiyo zaidi, kwa kuwa vinaili huficha maji na kuyalaza juu ya bati. Maji hayo huingia kwenye buti, kisha bati linaoza kutoka ndani kuja nje, na siku malengelenge yanapotokea kwenye rangi kazi imeshakuwa kubwa.

Habari njema ni kwamba bodi ya Chevelle imekaa juu ya chasisi inayojitegemea, imefungwa kwa bolti kupitia raba. Dodge na Plymouth za miaka ile bodi na chasisi ni kitu kimoja, na kutu ya mbavu za chini ni kazi ya kiwango kingine kabisa. Lakini na hii chasisi ikague: pita nyundo ndogo kwenye mbavu za nyuma juu ya ekseli na mahali panapokaa zile raba. Sauti kavu ni nzuri. Sauti iliyozibwa, au maganda kudondoka, inakuambia chuma kimekwisha kutoka ndani. Sakafu iliyooza hununuliwa mpya na kuchomelewa, kwani karibu kila bati la gari hili linatengenezwa tena Marekani hadi leo. Chasisi iliyooza mbavuni ingenifanya nimshukuru mzee na kurudi nyumbani.

Ukishalinunua, nakusihi usilivunje lote. Hapo ndipo miradi mingi inapofia. Mtu anafungua kila kitu kwa furaha ya mwezi wa kwanza, bolti zinaingia kopo moja, maisha yanaingilia, na baada ya miaka mitatu gari linauzwa likiwa mafurushi. Fungua sehemu moja, itengeneze, ifunge, ndipo uende nyingine. Kila bolti kwenye mfuko wake wenye maandishi. Piga picha kabla ya kulegeza chochote, na usitupe kipande cha zamani mpaka kipya kiwe kimefungwa kikakubali. Bati jipya lifunge kwa muda na uangalie nafasi za milango na boneti kabla ya kupaka rangi, maana la kunakili halikai kama la kiwandani bila kulibembeleza. Nikiwa na chaguo, narekebisha la asili.

Sehemu ya kwanza kufungua ni breki. Wengi hawapendi kusikia hili. Magari haya yalitengenezwa yakimbie. Kusimama lilikuwa wazo la baadaye. Malibu ya kawaida ilikuja na breki za ngoma magurudumu yote manne, na gari lenyewe likiwa na injini kubwa linakaribia kilo 1,750. Ngoma zikipata moto mara moja au mbili, kanyagio linabaki gumu na gari haliitiki. Weka diski mbele, za mfumo wa Chevelle ya mwaka huohuo, zinafunga bila kukata chochote na hakuna jaji wa maonyesho atakayekulaumu sana. Masta silinda uliyonayo ina vyumba viwili, kwa hiyo upande mmoja ukivuja unabaki na mwingine. Lakini mabomba ya chuma yabadilishe yote, hata yanayoonekana mazima. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na bomba lililokaa miaka mingi huoza kutokea ndani. Hosi za raba nazo huvimba ndani zikawa zinaruhusu mafuta kwenda lakini haziyaruhusu kurudi; gurudumu linabaki limeshikwa wakati mguu wako umeshaondoka.

Baada ya breki fuata boljointi, bushi, tairodi na beringi za magurudumu, kisha mfumo wa mafuta. Petroli ya pampu ya Marekani leo huwa na ethanoli hadi asilimia 10, na raba za 1970 hazikutengenezwa kwa ajili yake. Hosi za zamani zinalainika, zinapasuka, na zimepita sentimita chache kutoka kwenye ekzosti. Moto mwingi wa magari ya zamani huanzia hapo. Tangi usilisafishe, nunua jipya.

Ndipo tufike kwenye injini. Usiguse swichi. Toa plagi, mimina oili laini kidogo kwenye kila silinda, iache siku kadhaa, kisha jaribu kuizungusha kwa mkono kwa spana ndefu kwenye bolti ya mbele ya krankshafti. Ikizunguka, una bahati. Ikikataa, usiilazimishe, itatoka yote mezani. Kwa vyovyote mimi ningeifungua, kwa sababu mbili. Kwanza, petroli ya zamani ilikuwa na risasi, na risasi ile ililinda viti vya valvu. Marekani waliipiga marufuku kabisa kwenye magari ya barabarani kuanzia 1996. Kwa injini utakayoikimbiza, mwambie fundi wa mashine akutilie viti vigumu upande wa ekzosti. Pili, bloku ipimwe nyufa kabla hujaitumia senti moja ya pistoni.

Ukibakiza kamshafti ya aina ya zamani, yenye tapeti bapa, nisikilize kwa makini, kwani hapa injini mpya hufa ndani ya nusu saa ya kwanza ya maisha yake. Tapeti hiyo inasugua moja kwa moja juu ya nundu ya kamshafti kwa shinikizo kubwa sana. Oili ya kisasa imepunguziwa zinki na fosforasi, viungo vilivyokuwa vikiilinda, kwa kuwa vinaharibu vichujio vya moshi vya magari ya leo. Kwa hiyo tumia oili maalumu ya kuanzishia injini yenye zinki nyingi. Nundu zote zipake ile grisi nzito inayokuja na kamshafti. Jaza kabureta mafuta, panga taimingi karibu na sahihi, zungusha pampu ya oili kwa drili mpaka uone oili imefika juu kwenye roka. Maana ikishawaka hairuhusiwi kuachwa izunguke polepole: papo hapo ipandishe mizunguko kati ya 2,000 na 2,500 kwa dakika, uibadilishebadilishe humo, kwa dakika 20 hivi. Kamshafti inapata oili yake kwa kurushiwa na krankshafti, na kwenye mizunguko ya chini hairushiwi ya kutosha. Mtu anayeiwasha, akaizima ili arekebishe kabureta, akaiwasha tena, akaizima, ameshasaga nundu mbili bila kujua. Kisha mwaga oili hiyo, kata chujio, angalia kama kuna chembe za chuma. Ukiona kazi hii inakutia hofu, weka kamshafti ya tapeti za rola. Kwa nje hakuna atakayejua.

Mgandamizo wa silinda uweke karibu na 9.5 kwa 1 ili ukubali petroli ya pampu ya oktani 93. Na ukipeleka gari kwenye mashine ya kupimia nguvu usivunjike moyo. Zile nguvu za farasi 350 za SS 396 zilipimwa injini ikiwa peke yake juu ya stendi, bila mizigo ya kawaida wala ekzosti ya gari. Kuanzia magari ya 1972 Wamarekani walibadili namna ya kupima, na ghafla kila injini ikaonekana imepungua.

Sasa mbio. Nilizokuambia ni zile za kila dereva kutangaza muda wake. Uwanja ni robo maili, mita 402, mmeshindanishwa wawili. Kabla ya kukimbia unaandika kwenye kioo muda unaodhani gari lako litatumia. Tuseme wewe umeandika 14.60 na mwenzako mwenye gari kali ameandika 12.10. Taa zako zitaanza kuwaka sekunde 2.50 kabla ya zake. Kwenye mti wa taa, ile nguzo ya kuanzishia mbio, kuna njano tatu zinazoshuka kwa tofauti ya nusu sekunde, halafu kijani. Ukisubiri kijani umechelewa, unaondoka njano ya mwisho inapowaka. Ukiondoka mapema taa nyekundu inawaka na umepoteza. Na ukikimbia kwa muda mfupi kuliko uliotangaza, umepoteza pia, isipokuwa mwenzako amekosea zaidi.

Ona uzuri wake. Umechelewa kuondoka kwa 0.05, ukakimbia 14.63: jumla umepoteza sekunde 0.08 tu. Mwenzako mwenye gari la maelfu mengi amechelewa 0.10 akakimbia 12.11: amepoteza sekunde 0.11. Umemshinda kwa Chevelle yenye viti vyake vya kiwandani. Gari linalorudia muda uleule linalipiga gari lenye nguvu. Ndiyo maana nasema usiongeze nguvu, tafuta utulivu: joto la injini lilelile kila mbio, upepo uleule wa tairi, mizunguko ileile ya kuondokea, na daftari la kuandikia hali ya hewa. Hewa ya baridi ni nzito, injini inaipenda, muda unashuka. Jioni gari lako halitakuwa lile la mchana.

Watu wetu hawajaanza leo kwenye uwanja huu. Malcolm Durham, Mmarekani mweusi wa eneo la Washington, alikuwa akiendesha Chevrolet alizoziita Strip Blazer, Chevelle ikiwemo, miaka ya 1960, wakati milango mingi ilikuwa imefungwa. Alijenga na kukimbiza magari yake mwenyewe na akawa jina linalovuta watu uwanjani.

Kwa kanuni za NHRA, chama cha mbio hizi kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951, ukifika sekunde 13.99 au chini yake helmeti ni lazima. Mimi nasema vaa tangu siku ya kwanza. Ukifika 11.49 unahitaji rolbaa, yaani fremu ya chuma ya kumlinda dereva gari likipinduka, na hapo ndipo mkasi unapoanza kuingia kwenye gari. Kaa juu ya 12 na Chevelle yako itabaki nzima. Usifunge tairi laini za mbio juu ya ekseli za kiwandani. Zinanata kupita kiasi, na kwenye difu hili ekseli imezuiwa kwa kipande kidogo cha chuma ndani tu. Ikikatika, gurudumu linatoka pamoja nayo. Tairi za kawaida za barabarani zikiteleza kidogo zinaokoa kila kilicho nyuma yake. Wakaguzi watataka betri iliyofungwa imara, chombo cha kupokea maji yanayofurika kutoka kwenye radieta, mkanda wa kiti, na kusiwe na tone linalodondoka chini. Huko Norwalk, kaskazini mwa Ohio, kuna uwanja mkubwa wenye siku za majaribio zisizo na mashindano. Anzia huko.

Siku hiyo mbio ya kwanza nenda nusu ya mwendo, mpaka uone breki zinashika sawa upande wa kulia na kushoto baada ya mstari wa mwisho. Ya pili kanyaga mpaka futi 330 tu, uachie. Ya tatu nenda yote. Kila mara utapewa kikaratasi cha muda. Usianze kwa kusoma kasi ya mwisho. Soma futi 60 za kwanza, kwani hapo ndipo mbio inapotengenezwa, na namba hiyo isipobadilika zaidi ya sehemu tatu au nne za mia za sekunde kati ya mbio moja na nyingine, uko tayari kuandika muda kwenye kioo. Kabla ya kuondoka uwanjani kaza upya nati za magurudumu na ulale chini ya difu kwa tochi, uangalie kama oili imeanza kutoka kwenye sili.